Maswali Yenu: Korosho Yangu Iko Ghalani au Ishauzwa?

Haya wapendwa, safu imerudi. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya mantiki ya matukio na wakati, yaani namna ya kuandika kwa kanuni kwamba hiki kimetokea, kile kimebadilika, kingine kimebaki vilevile, nikasema mwenye swali aandike. Mmeandika kweli kweli jamani, kuanzia Tandahimba mpaka Kilwa, na barua moja nimeisoma mara tatu usiku mmoja. Naanza na hiyo na nitaijibu kwa urefu, wengine mnivumilie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni karani kwenye chama cha msingi huku Tandahimba, sitataja kipi. Msimu uliopita mzee mmoja alileta kilo 412 za korosho, tukapima, tukampa karatasi yake, mzigo ukaenda ghala kuu, ukauzwa mnadani. Siku ya tisa baada ya mnada akaja kuulizia pesa. Nikafungua kompyuta ikaniandikia IMEUZWA, basi. Akaniambia mjukuu wangu, hilo najua, nakuuliza mzigo wenyewe sasa hivi uko wapi, ghalani au ushabebwa? Sina jibu. Akauliza tena, na ile siku bati la ghala lilivuja mvua ikaingia, mzigo ulikuwa wangu au wa tajiri? Nalo sina jibu. Mzee kakaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri. Aliyetutengenezea programu anasema mfumo uko sawa. Uko sawa kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hauko sawa. Fundi wenu naamini hana nia mbaya, ila amefanya kosa ambalo nimeliona ofisi nyingi sana, ameweka chumba kimoja ndani ya programu akakiita "hali ya mzigo" halafu kila kinachotokea kinafuta kilichokuwemo. Inaandikwa IMEPOKELEWA, inafutwa, inakuja IKO GHALANI, inafutwa, inakuja IMEUZWA, inafutwa, mwisho IMELIPWA. Sasa we mwenyewe unajua kuuzwa hakuutoi mzigo ghalani, mzigo unaweza kuuzwa leo ukakaa humohumo wiki nzima unasubiri lori, kwa hiyo "imeuzwa" na "iko ghalani" zinaweza kuwa kweli zote mbili kwa wakati mmoja lakini kile chumba kina nafasi ya moja tu. Mzee aliuliza maswali mawili yenye akili kabisa, na kompyuta ilikuwa imeshayatupa majibu yake kabla hajafika dirishani.

Dawa ya ugonjwa huu ipo tangu 1986. Robert Kowalski na Marek Sergot, walikuwa Imperial College kule London, walitoa kitu kinachoitwa kalkulasi ya matukio, na moja ya mambo yaliyokuwa yanawasumbua ni hilohilo la data inayofutwa kila inapobadilika. Mfano wao ulikuwa wa watu kuajiriwa chuoni na kupandishwa cheo, ila ukiuhamishia kwenye korosho unakaa vizuri tu. Wanachosema ni kwamba tenganisha vitu viwili. Kuna tukio, hilo linatokea na kupita: mzigo umepimwa, mnada umefungwa, lori limetoka getini. Na kuna hali, hiyo inadumu: mzigo uko ghalani, mzigo ni mali ya mzee, mzee anadai. Hali wewe huiandiki kabisa. Unaandika matukio na tarehe zake, halafu pembeni unaandika mara moja tu kwamba tukio la aina fulani linaanzisha hali zipi na linakomesha hali zipi. Ukishamaliza hapo, swali lolote la "siku ile ilikuwaje" linajibiwa kwa kanuni moja, kwamba hali fulani ilikuwepo wakati huo kama kuna tukio la kabla yake lililoianzisha, na tangu hapo mpaka wakati huo halikutokea tukio la kuikomesha.

Tuujaribu kwa mzigo wa mzee, tarehe nazipanga mi mwenyewe ili tuone hesabu. Tarehe 3 Novemba chama kinapokea kilo 412: inaanza hali ya "iko kwa chama", na umiliki bado ni wa mzee kama ulivyokuwa tangu shambani. Tarehe 6 ghala kuu linapokea: inakoma "iko kwa chama", inaanza "iko ghala kuu". Tarehe 14 mnada. Tarehe 17 mvua inapita kwenye bati. Tarehe 20 mnunuzi analipa. Tarehe 22 lori linatoka getini: inakoma "iko ghala kuu". Tarehe 23 mzee yuko dirishani kwako. Swali lake la kwanza linajibika bila hata kufikiri, mzigo ulikuwa ghala kuu kuanzia tarehe 6 mpaka 22, umebebwa jana. Tena ungeweza kumjibu kwa siku yoyote anayotaka, ya 10, ya 15, kwa sababu hakuna kilichofutwa.

Swali la pili ndo patamu. Tarehe 17 mali ya nani? Kanuni inakuuliza na wewe: ni tukio lipi linakomesha "ni mali ya mzee"? Ni mnada wa tarehe 14 au ni malipo ya tarehe 20? Kama ni mnada, hasara ya mvua ni ya tajiri. Kama ni malipo, hasara ni ya mzee. Mantiki haikuchagulii, hilo linatoka kwenye mkataba na taratibu za mnada, ila inakulazimisha uliandike waziwazi mahali ambapo kila mtu ataliona kabla mvua haijanyesha. Hii ndo sababu naipenda hii elimu na ndo sababu barua yako imenikosesha usingizi. Mfumo wa stakabadhi ghalani tunao kwenye korosho tangu 2007, ni mlolongo mrefu wa makaratasi, mkulima anaanza kwa karatasi ya chama, mzigo unapelekwa ghala kuu, unapangiwa daraja, unaenda mnadani, makato, benki, na kila hatua kuna kitu kinaanza na kitu kinakoma. Mzee wa watu hana kosa kutaka kujua ni kipi kimeanza na ni kipi kimekoma.

Mama yangu huko Newala alikuwa na kaunta buku, la jalada gumu jekundu, lilikuwa linakaa juu ya kabati la vyombo na lilikuwa linanuka mafuta ya taa. Alikuwa anakopesha chumvi, sabuni, unga. Hakuwahi kuandika "fulani anadaiwa kiasi hiki". Aliandika tarehe na kilichotokea tu: kachukua sabuni mche mmoja, kaleta nusu ya pesa, kachukua chumvi. Mtu akija kubisha anafungua ukurasa, anaweka kidole juu kabisa, anashuka mstari kwa mstari mpaka chini, deni linajitokeza lenyewe mbele ya macho yao wote wawili. Na hafuti. Akikosea anaandika mstari mpya wa kusahihisha ule wa juu. Nimekuja kusoma kazi ya Kowalski na Sergot nikiwa mtu mzima nikaona kidole cha mama kinashuka ukurasani.

Kwa hiyo karani wangu, wakati unasubiri fundi abadilishe programu, anza na kaunta buku lako. Safu tatu zinatosha, tarehe na saa, kilichotokea, mzigo namba ngapi. Ila chunga jambo moja kubwa. Hesabu hii inachukulia kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Mtaalamu wa kompyuta Keith Clark aliiwekea msingi wake kanuni hiyo mwaka 1978, kwamba ukishindwa kuthibitisha jambo unalihesabu kuwa si kweli, na programu nyingi za mantiki zinatembea hivyo. Inafanya kazi vizuri pale tu daftari linapokuwa limekamilika. Lori likitoka usiku na mlinzi asiandike, kompyuta itakuapia asubuhi kwamba korosho zipo, na mzee atarudishwa tena benchi kwa uhakika kabisa. Mlinzi wa getini ni wa muhimu sawa na fundi.

SWALI: Mwalimu mi naandika kutoka Shangani, Mtwara mjini. Juzi kijana wangu alivuka kivuko asubuhi kwenda Msangamkuu kwa mjomba wake. Simu haipatikani. Jioni dada yake ananiambia mama tulia, yuko hukohuko kwa mjomba. Namuuliza umejuaje, ananiambia si ndo alikoenda! Mi nikasema hujui. Tumenuniana mpaka aliporudi. Nani alikuwa sahihi?

JIBU: Pole mama, na nashukuru amerudi. Ntakujibu bila kupendelea upande, binti yako alifikiri sawasawa na wewe uliogopa sawasawa.

Binti alitumia kitu ambacho bila hicho hakuna binadamu anayeweza kuishi hata siku moja. Ukiacha sufuria jikoni unajua ipo mpaka mtu aitoe. Ukikuna nazi, rangi ya mlango haibadiliki, jina la jirani halibadiliki, bahari haihami. Hayo hakuna aliyekufundisha. Sasa mwaka 1969 John McCarthy na Patrick Hayes walipojaribu kuieleza kompyuta mambo kama haya kwa mantiki ya kawaida wakagonga ukuta, maana mantiki ile inakubali tu kile ulichoiambia, kwa hiyo ukishaiambia kukuna nazi kunabadilisha nini inabidi uiambie pia kila kitu ambacho kukuna nazi hakubadilishi. Ukiwa na vitendo 100 na hali 100 unakaribia sentensi 10,000 za kusema "hiki hakigusi kile". Wakaliita tatizo la fremu, na watu wamelihangaikia miaka mingi kweli. Jibu lililokuja kukubalika ndo lile la binti yako: hali inabaki kama ilivyo mpaka tukio liiondoe. Hajasikia kwamba kaka yake ameondoka, basi yuko kwa mjomba.

Lakini hitimisho la namna hii lina tabia yake. Mantiki tuliyofundishwa shuleni ukishathibitisha kitu kimethibitika, hata uongeze habari mia hakirudi nyuma. Hii ya binti inarudi. Akitokea mtu akasema nimemuona kijana wako sokoni saa kumi, lile la "yuko kwa mjomba" linaanguka hapohapo na hakuna aliyedanganya. Raymond Reiter mwaka 1980 aliiandikia kanuni zake fikra ya aina hiyo, ya kukubali jambo kwa vile hakuna kinachopinga. Wewe ulichokuwa unasema ni kwamba daftari la binti halijakamilika, simu haipatikani, habari haziji, kwa hiyo kukosa habari za kuondoka hakumaanishi hajaondoka. Uko sahihi kabisa. Mlikuwa hamgombanii kanuni, mlikuwa mnagombania daftari.

Halafu mama nikuonyeshe kitu, kwa sababu nadhani sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati hapa. Mtoto umemtuma afunge zizi la mbuzi. Unamuuliza, umefunga zizi? Akijibu "nimefunga" unaendelea kumenya muhogo wako. Akijibu "nilifunga" unainuka. Kwa nini unainuka? Kwa sababu "nilifunga" inataja tukio tu, lilitokea, likapita, baada ya hapo anajua Mungu, pengine mbuzi wamesukuma mlango. "Nimefunga" inabeba tukio pamoja na hali yake, nilifunga na mpaka sasa hivi pamefungwa. Ile -me- inafanya kazi ambayo kalkulasi ya matukio inaifanya kwa mstari mzima wa alama. Na "hajafunga" nayo, haisemi tu kwamba hakuna tukio, inasema mpaka sasa hakuna na bado tunalingoja. Ndo maana nawashangaa wanaosema mantiki haiwezi kuandikwa kwa lugha yetu, wakati kila siku tunatofautisha tukio na hali katikati ya kitenzi bila hata kusimama.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Niko kidato cha tano hapa Lindi. Nimeelewa hali inabaki mpaka ikomeshwe, lakini maji kwenye simtank hayabaki, bomba likiwa wazi yanapanda kila dakika na hakuna tukio lolote linalotokea hapo katikati. Hapo kanuni si inakufa?

JIBU: Nzuri mwanangu, na hongera maana umeligundua mwenyewe. Kalkulasi ya mwanzo ilikuwa inakwama hapohapo. Murray Shanahan mwaka 1990 aliiongezea sehemu ya mabadiliko yanayoendelea, na mifano yake ilikuwa ya maji kama wa kwako.

Fanya hivi. Simtank la lita 1,000, ndani kuna lita 200, pampu inaleta lita 20 kwa dakika. Tukio ni moja, kuwasha pampu saa mbili kamili asubuhi. Linaanzisha hali ya "maji yanaingia", na hiyo hali inabaki vilevile dakika zote kama kanuni inavyotaka. Kiwango cha maji ndo hakibaki, kwa hiyo unakitoa kwenye ile kanuni ya kubaki kwa muda wote pampu inapofanya kazi, na badala yake unakipa fomula: 200 jumlisha 20 mara dakika zilizopita. Kwa hesabu hiyo baada ya dakika 40 maji yanafika mdomoni, na hapo fomula yenyewe inazaa tukio jipya ambalo hakuna mtu aliyelifanya, tanki kujaa, saa mbili na dakika arobaini. Tukio hilo unaweza kuliambia lifanye kazi, mfano likomeshe "maji yanaingia" kama una boya la kufunga.

Sasa umeme ukatike dakika ya 25. Kukatika ni tukio, linakomesha "maji yanaingia", kiwango kimefika lita 700, na kuanzia hapo fomula imekufa, kiwango kinarudi chini ya kanuni ya kubaki, kwa hiyo ni lita 700 saa tatu, ni lita 700 saa nne, mpaka mtu afungue koki. Na lile tukio la tanki kujaa halizaliwi kabisa. Chora grafu yake, mstari unapanda halafu unalala, utaona kila kona ya mstari ina tukio limekaa.

Maji ya bahari yenu nayo yanaingia humohumo, kujaa na kupwa ni fomula ndefu zaidi lakini mwenye kwenda mwambani kutafuta pweza anaisoma kichwani, anajua kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, na anajua bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu, yaani madogo, ni habari mbili tofauti. Anza na tanki kwanza.

SWALI: Kaka, nipo Masasi. Kuna mahali nilisikia hadithi ya bunduki iliyowatesa wataalamu wa kompyuta, ikawaje?

JIBU: Ni ya mwaka 1986, Steve Hanks na Drew McDermott, wa chuo kikuu cha Yale Marekani, ndo maana inaitwa tatizo la Yale. Yupo mlengwa wamempa jina Fred, yuko hai. Mtu anapakia risasi kwenye bunduki, anasubiri kidogo, anafyatua. Fred amekufa au mzima? We na mi tunasema amekufa. Mantiki za wakati ule zilikuwa zinaambiwa zichague simulizi yenye mabadiliko machache kuliko zote, na zikaleta simulizi mbili. Ya kwanza, bunduki inabaki na risasi wakati wa kusubiri, Fred anakufa, badiliko ni moja. Ya pili, wakati wa kusubiri risasi inapotea tu yenyewe, bunduki inalia tupu, Fred anabaki hai, badiliko ni moja pia. Ukihesabu zinalingana! Mantiki haikuwa na sababu ya kukataa ile ya pili.

Wapo waliokata tamaa kabisa na njia ile. Ilivyokuja kutatuliwa kwenye kalkulasi ya matukio, na Shanahan aliifanyia kazi sana miaka ya 1990, ni kwa kupanga kazi kwa zamu. Kwanza funga orodha ya matukio, haya ndo yaliyotokea na hakuna mengine. Funga na orodha ya athari, tukio hili linaanzisha hiki, linakomesha kile, na hakuna mengine. Ukishazifunga ndo unaruhusiwa kuhesabu hali. Kwenye orodha hakuna tukio la kutoa risasi na kusubiri hakuna athari yoyote, kwa hiyo bunduki ina risasi na Fred amekufa. Makosa ya mwanzo yalikuwa kupunguza mabadiliko ya hali na ya matukio yote kwa mkupuo, wakati hali ni watoto wa matukio.

Limebaki swali jingine ambalo hilo halikulimaliza. Umejaza mafuta kwenye pikipiki, umepiga kiki, haiwaki. Sharti gani ulisahau? Plagi, waya, hewa, na McCarthy alikuwa anatoa mfano wa mtu aliyechomeka kiazi kwenye bomba la moshi la gari. Orodha ya masharti ya tukio kufanikiwa haina mwisho, na kila fundi wa pikipiki hapo Masasi anaijua shida hiyo kwa mikono yake.

SWALI: Nachingwea hapa. Shemeji anasema kupulizia salfa kulipishana na maua ya mikorosho, yaani kulianza kwanza na maua yakaja kabla hakujaisha, na maua yalipishana na wadudu, kwa hiyo lazima kupulizia kulipishana na wadudu. Mi nakataa ila sijui kwa nini.

JIBU: Kataa tu kaka, ila kwa heshima maana ni shemeji. James Allen mwaka 1983 aliorodhesha namna zote ambazo vipindi viwili vya muda vinaweza kukaa, zipo 13 tu: kimoja kabla ya kingine, kugusana, kupishana, kuanza pamoja, kuwa ndani, kuisha pamoja, halafu hizo sita ukizigeuza zinakuwa 12, na ya mwisho ni kuwa sawasawa. Akatengeneza jedwali la 12 kwa 12, visanduku 144, ile ya kuwa sawasawa aliiacha nje, linalokuambia ukijua uhusiano wa A na B na wa B na C, wa A na C unaweza kuwa upi. Kupishana juu ya kupishana kunatoa majibu matatu: kupulizia kuliisha kabla wadudu hawajaja, au kuliisha palepale walipoanza, au kweli vilipishana. Shemeji kachagua moja akaacha mbili. Tafuteni tarehe ya siku ya mwisho ya kupulizia na siku ya kwanza mlipoona wadudu, ubishi unaisha hapo.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni nahodha, Kilwa Kivinje. Nikisema kesho nitavuka kwenda Songo Songo, je maneno hayo leo ni kweli au si kweli? Mana kama ni kweli leo basi hata upepo ukigeuka lazima nivuke, na kama si kweli leo basi hata nijitahidi vipi sivuki.

JIBU: Marahaba nahodha. Swali lako lina zaidi ya miaka 2,300, Aristotle wa Ugiriki aliliuliza kwa vita vya majini vya kesho, naye ilikuwa bahari na merikebu. Alijibu kwamba ni lazima kesho vita viwepo au visiwepo, hilo halikwepeki, lakini si lazima viwepo, na si lazima visiwepo. Ile lazima imekaa juu ya "au" nzima, haijakaa juu ya upande mmoja.

Aliyekuja kulijengea mantiki yake ni mwanafalsafa Arthur Prior, mzaliwa wa New Zealand mwaka 1914. Alitengeneza alama za "iliwahi kuwa" na "itakuja kuwa" akazihesabia kama tunavyohesabia kujumlisha na kutoa. Mwaka 1958 akapata barua kutoka Marekani, imeandikwa na kijana wa miaka 17 anaitwa Saul Kripke, inamwambia wakati usiuchore kama kamba moja, uchore kama mti, nyuma shina moja ambalo limeshapita na mbele matawi, kila tawi ni kesho moja inayowezekana. Prior akaichukua na kuiendeleza. Kwenye mti huo maneno yako ya leo ni kweli kwenye tawi la upepo mzuri na si kweli kwenye tawi la upepo mbaya, na leo uko bado kwenye panda, pale matawi yanapogawanyika. Ukitaka useme jambo ambalo ni kweli tangu leo sema "yapo matawi ninayovuka". Wazee wetu wanaosema inshallah wanapotaja kesho, mi nawasikia wakiitaja hiyo panda kila siku.

Na mantiki hii ya wakati haikubaki kwa wanafalsafa. Amir Pnueli mwaka 1977 aliichukua akaitumia kukagua programu za kompyuta, akapewa tuzo ya Turing, ile kubwa ya wataalamu wa kompyuta, 1996. Sasa hivi mtu anaweza kuandika "milango ya kivuko isiwe wazi kamwe kikiwa kinatembea" na "kila aliyekata tiketi mwishowe atavuka", halafu mashine ikapekua matawi yote ya mfumo ikitafuta hata moja linalovunja.

Wewe kesho ukifika Songo Songo niandikie tarehe na saa uliyotia nanga, na kama upepo umekurudisha niandikie pia ulirudia wapi.